Maji yanapopwa Sirti

Mwaka 253 KK, Roma na Karthago, dola ya pwani ya Tunisia ya leo, zikiwa vitani kwa zaidi ya miaka kumi, makonsuli wawili wa Roma, yaani watawala wake wakuu wa mwaka huo, Gnaeus Servilius Caepio na Gaius Sempronius Blaesus, walivusha kundi kubwa la merikebu za vita hadi pwani ya Afrika. Kazi yao ilikuwa kushuka hapa na pale, kupora na kuondoka. Walipofika kisiwa cha Meninx, ambacho leo ni Djerba nchini Tunisia, maji yakapwa na merikebu zikakaa juu ya fungu la mchanga. Polybius, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika habari hiyo, anasema kilichowaponza ni kutoyajua maji ya pale. Baadaye maji yakajaa tena, jambo ambalo nalo hawakulitarajia. Wakatosa baharini kila kizito kilichokuwa chomboni, merikebu zikaelea kwa taabu, na wakaondoka kama watu wanaokimbizwa.

Mtu wa Lamu, Tanga au Mkokotoni akisoma habari hii atashangaa manahodha gani hawa. Unguja, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na mvuvi wa kawaida hatii chombo mahali bila kujua maji yatakuwa wapi saa sita zijazo. Djerba tofauti hiyo haifiki mita 2. Lakini Warumi walitoka katika bahari ambayo sehemu nyingi maji hupanda na kushuka kwa sentimita 30 hivi au pungufu, kiasi ambacho upepo wa siku moja waweza kukificha kabisa. Bandari zao, magati yao na mazoea yao yote yalijengwa juu ya dhana kwamba kina cha asubuhi ndicho cha jioni. Ukitaka kuelewa kwa nini Sirti, ghuba za pwani ya Tunisia na Libya, iliogopwa kwa karne nyingi, anzia hapo. Mchanga upo kila pwani.

Sirti zilikuwa mbili. Sirti Ndogo ni Ghuba ya Gabès, Tunisia, kuanzia visiwa vya Kerkennah mbele ya Sfax hadi Djerba. Sirti Kubwa ni ghuba ya Sidra, Libya, kati ya Misrata na Benghazi, yenye mdomo wa zaidi ya kilomita 400. Waandishi wa kale walizitaja pamoja kana kwamba ni balaa moja, na wengi waliosoma baada yao wakarithi mkanganyiko huo. Mimi naona zilikuwa na hatari mbili tofauti kabisa, na nahodha aliyejua namna ya kujiokoa katika moja angeweza kufa katika nyingine.

Tuanze na Ndogo. Sakafu ya bahari katika Ghuba ya Gabès huteremka polepole mno. Unaweza kwenda makumi ya kilomita kutoka ufukweni na bildi, risasi ya kupimia kina, bado ikagusa chini kabla ya pima 30. Wimbi la maji kujaa likitoka kwenye kilindi cha mashariki na kuingia katika uwanda huo mpana usio na kina, hupungua mwendo na kurundikana. Ndiyo maana maji yanayopanda shubiri moja kwingineko hupanda karibu mita 2 mjini Gabès siku za bamvua.

Kuna jambo la pili ambalo ni baya zaidi. Katika ghuba hii mchango wa jua katika kupwa na kujaa ni mkubwa kuliko kawaida ukilinganisha na wa mwezi. Jua na mwezi vikivuta pamoja, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nguvu hujumlika. Vikivuta kwa pembe, karibu zifutane. Matokeo yake bamvua la Gabès ni mita 1.7 au zaidi, ilhali siku za maji mafu tofauti hushuka hadi sentimita 30 au 40 hivi. Sasa fikiria mgeni anayeingia ghubani siku za maji mafu. Anapima, anatazama, anaona maji ni yale yale ya kwao. Anatia nanga, anafanya biashara wiki nzima. Wiki ikiisha bamvua limefika, na mahali alipotia nanga kwenye mita 4 panabaki mita 3 na kitu. Meli ya nafaka iliyoshiba shehena ilizama mita 3 na zaidi.

Sallust, aliyekuwa liwali wa Roma Afrika, aliandika kwamba sakafu ya Sirti hubadilika na pepo, mawimbi yakiburuta matope, mchanga na hata mawe makubwa. Mchanga husogea kweli baada ya dhoruba, hasa kwenye midomo ya mikondo. Lakini fungu la jana lenye pima mbili kuwa nchi kavu leo, na kesho kuwa bahari tena, hilo halihitaji mchanga kuhama hata hatua moja. Nadhani mashahidi wake wengi walikuwa wakieleza maji kupwa bila kujua kwamba wanaeleza maji kupwa.

Chombo kikipwelewa, mambo huenda hivi. Maji yakianza kuondoka, mkuku, uti wa chini wa chombo, hugusa kwanza mahali pamoja, mara nyingi chini ya omo, yaani mbele, kwa kuwa chombo kilikuwa kinakwenda mbele. Kama kuna mawimbi, chombo huinuliwa na kuachiwa, kuinuliwa na kuachiwa, na kila pigo hupita kwenye mbao zote. Meli za wakati huo zilijengwa kwa kuunganisha mbao ubavu kwa ubavu, kwa ndimi za mti zilizochomekwa kwenye matundu na kupigiliwa vijiti. Tumbo zima lilikuwa kitu kimoja, imara mno likibebwa na maji sawasawa kila upande. Likikaa juu ya kichuguu cha mchanga, omo na tezi, yaani mbele na nyuma, zikining'inia, mkuku hupinda na ndimi hukatika ndani kwa ndani pasipo mtu kuona. Kisha chombo hulala ubavu. Shehena isiyofungwa huporomoka upande wa chini na kukilaza zaidi. Mkondo wa maji yanayorudi hukwangua mchanga kuzunguka chombo, hasa kwenye ncha mbili, na kichuguu kinazidi kuwa kikali. Maji yakijaa tena huingia kwenye nafasi za mbao zilizoachana kabla chombo hakijapata kina cha kuelea. Vyombo vingi vilivyopotea juu ya mafungu vilipotea hapo, wakati maji yanajaa, saa ile ambayo mtu wa nchi kavu angefikiri wokovu umekuja.

Kwa hiyo kazi ya kuokoa chombo hufanywa maji yakiwa chini, na mpangilio wake haubadilishwi. Tanga hushushwa mara moja, maana upepo ukiendelea kusukuma unakipandisha juu zaidi. Halafu mtu hupima pande zote, tezi na ubavu zaidi kuliko omo, kujua kina kiko wapi. Mara nyingi kiko nyuma, njia uliyojia. Nanga nzito hupakiwa kwenye mashua na kupelekwa huko kwenye kina, mbali kadiri amari, kamba ya nanga, inavyoruhusu, ikatupwa, na amari ikakazwa. Hapo tu ndipo shehena hupunguzwa. Anayetosa shehena kabla ya nanga kushika anapunguza uzito wa chombo kilicho huru, na upepo na maji yanayojaa hukibeba kukipeleka ndani zaidi ya fungu, mahali ambapo hata kikiwa kitupu hakitoki. Na vizito hutoswa mbali na ubavu. Jiwe au nanga ya akiba iliyodondoshwa pembeni hubaki pale pale, na chombo kikiinuka na kushuka hutobolewa nayo.

Warumi wa mwaka 253 waliponea kwa sababu ambazo hawakuzipanga. Merikebu ya vita ya makasia ilihitaji kina kidogo zaidi kuliko meli ya shehena, na uzito wake mwingi ulikuwa watu na vifaa, vitu vinavyoondoleka. Merikebu kubwa ya vita ilibeba wapiga makasia wapatao 300. Hao peke yao ni tani 20 hivi. Bahati yao iliishia hapo, kwa kuwa katika safari hiyo hiyo ya kurudi, wakivuka kutoka Sicily kwenda Roma, dhoruba iliwapotezea merikebu zaidi ya 150.

Kinyume cha kisa hicho kilitokea pwani yetu Aprili 1498. Meli mojawapo ya msafara wa Vasco da Gama, São Rafael, ilipanda fungu karibu na Mtangata, Tanga, kabla ya mapambazuko, na maji yalipopwa ikabaki kavu kabisa. Wareno walitoka Atlantiki, pwani yenye maji makubwa ya kupwa na kujaa. Walitupa nanga, wakangoja, maji yalipojaa ikaelea. Hakuna aliyekimbia.

Msiba ulio mkubwa Sirti Ndogo ni kupwelewa kwenye kilele cha bamvua. Ukikwama maji yakiwa nusu, kujaa kunakofuata kutakuinua. Ukikwama yakiwa juu kabisa ya bamvua, kila kujaa kunakofuata ni kufupi kuliko kulikotangulia, na kwa tofauti kubwa ya pale Gabès baada ya siku chache maji hayatoshi tena kukiinua chombo. Unangoja wiki mbili bamvua lirudi, ubavu ukipigwa na jua, mbao zikikauka na kufunguka. Strabo, mwanajiografia wa zama za Augusto, aliandika kwamba katika Sirti zote mbili vyombo huangukia maji mafupi wakati wa kupwa na kujaa, na kuokoka ni nadra. Kwa hiyo mabaharia hupita mbali na pwani, wakijihadhari upepo usiwakamate na kuwasukumia ndani ya ghuba.

Sehemu hiyo ya mwisho, ya upepo, ndiyo habari yenyewe ya Sirti Kubwa. Hapa maji hayapandi kwa kiasi cha kutisha, na katikati ya ghuba kuna vilindi vya zaidi ya mita 1,000. Tatizo ni umbo. Ghuba imefunguka kaskazini, na pepo kali za Mediterania wakati wa baridi hutoka kaskazini magharibi na kaskazini mashariki, moja kwa moja mdomoni. Tanga la mraba la wakati ule liliweza kwenda digrii 75 au 80 hivi kutoka upepo unakotoka, si karibu zaidi. Ongeza digrii 10 hadi 15 ambazo chombo husukumwa kando, na utaona hesabu inagota: ukibisha kulia, ukibisha kushoto, unakwenda na kurudi kwenye mstari ule ule, na kila kugeuza kunakupotezea kidogo. Bahari ikichafuka hata hicho hupati. Kwa kusi ya kwetu nahodha aliyeshindwa hukimbilia mlangoni, kati ya kisiwa na bara. Sirti Kubwa haikuwa na kisiwa cha kukimbilia. Ufuo ni mrefu, wa chini, nyuma yake vinamasi vya chumvi na jangwa. Hakuna kilima cha kukuonyesha uko wapi, na mawimbi huanza kuvunjika juu ya mafungu kabla nchi haijaonekana.

Aliyefika nchi kavu akiwa hai hakuwa amemaliza. Cato Mdogo, mwanasiasa Mrumi wa karne ya kwanza KK, akiongoza zaidi ya watu 10,000, aliizunguka Sirti Kubwa kwa miguu kutoka Berenice, yaani Benghazi. Strabo anasema ilimchukua siku 30, na ilimbidi agawe jeshi katika makundi kwa kuwa visima havikutosha watu wengi kwa mara moja.

Hofu hii ndiyo iliyo katika Matendo ya Mitume sura ya 27, na ukiisoma kama baharia utaona kila kitu kilichofanywa kina sababu. Meli ya nafaka ya Aleksandria, watu 276 ndani, inapigwa na dhoruba ya kaskazini mashariki kusini ya Krete, majira ya kusafiri yakiwa yamekwisha. Inapata kinga kidogo nyuma ya kisiwa cha Kauda, leo Gavdos. Mabaharia wanatumia saa hizo chache za maji matulivu kufanya mambo mawili: kupandisha mashua, ambayo ilikuwa ikiburutwa nyuma, na kupitisha kamba chini ya tumbo la meli kukaza mbao zisiachane. Halafu wanaogopa Sirti, ambayo haionekani popote.

Waliogopa kwa hesabu. Kutoka Gavdos hadi Benghazi, ukingo wa mashariki wa Sirti Kubwa, ni maili 260 hivi za baharini kuelekea kusini magharibi, na upepo ulikuwa unavuma huko huko. Wangeachia tanga na kukimbia na upepo kwa noti 4 au 5, wangekuwa juu ya mafungu ndani ya siku mbili na nusu. Kwa hiyo wakateremsha matanga, wakapunguza mwendo kadiri inavyowezekana, na lazima waliuweka ubavu wa kulia upande wa joshi, unakotoka upepo, maana ndiyo namna pekee ya kusukumwa kuelekea magharibi badala ya kusini. Usiku wa kumi na nne walikuwa Malta, maili 480 hivi kutoka Gavdos. Gawanya: noti moja na nusu. Ndiyo kasi ya meli nzito inayosukumwa kando bila tanga la maana. Hesabu hiyo hunishawishi kuliko ufafanuzi wowote kwamba aliyeandika alikuwamo.

Usiku huo bildi ilitoa pima 20, kisha pima 15. Kina kinapungua robo nzima kati ya mipimo miwili, gizani, upepo ukisukuma. Wakatupa nanga nne za tezi. Desturi ni kutia nanga ya omo, lakini nanga ya omo ingeizungusha meli, na asubuhi ingekuwa imegeukia baharini huku nyuma yake kuna mwamba. Kwa nanga za tezi omo ilibaki imeelekea nchi kavu. Kulipokucha walikata kamba, wakalegeza usukani, wakatweka tanga la mbele na kuipeleka ufukweni. Ikapanda fungu mahali bahari mbili zinapokutana, omo ikashika, tezi ikavunjwavunjwa na mawimbi. Watu wote walifika nchi kavu.

Bildi yenyewe ilikuwa kipande cha risasi chenye umbo la kengele, cha kilo kadhaa, kubwa zaidi zikipita kilo 10. Chini kulikuwa na kibonde kilichojazwa shahamu ili mchanga, matope au chembe za kombe zinate. Herodotus anasema mbele ya Misri, mwendo wa siku moja kutoka pwani, bildi huleta matope kwenye pima 11. Kwa hiyo baharia alipata habari mbili, kina na aina ya chini, na kwa mwenye uzoefu ile ya pili ilimwambia yuko sehemu gani ya pwani. Hutupwa mbele, ili chombo kikifika juu yake kamba iwe wima. Ikitupwa ubavuni chombo kikienda, kamba hulala na kina huonekana kirefu kuliko kilivyo, kosa la upande ule mbaya. Lakini bildi hutoa kina cha sasa. Katika Sirti Ndogo swali lilikuwa kina cha saa sita zijazo, na kwa hilo shahamu haisaidii.

Rangi ya maji nayo hudanganya. Kanuni ya jumla ni kwamba bluu iliyoiva ni kilindi na kijani cheupe ni mchanga ulio karibu. Kuzunguka Kerkennah sakafu imefunikwa na mashamba mapana ya majani ya bahari, meusi yakitazamwa kutoka juu, kwa hiyo fungu lenye pima moja huonekana kama mlango wa kina. Mchana jua likiwa utosini mwenye jicho zuri hutofautisha. Jua likiwa mbele yake, au alasiri, hakuna anayetofautisha.

Wakati huo huo kulikuwa na bandari yenye maji mabaya mara nyingi zaidi ya Sirti, na ilijaa meli. Ni Barygaza, leo Bharuch huko Gujarati, katika ghuba ambayo maji hupanda zaidi ya mita 8. Mwongozo wa Kigiriki wa karne ya kwanza BK, ule ule unaoitaja bandari ya kale ya Rhapta kwenye pwani yetu, unaeleza ilivyokuwa. Wavuvi wa mfalme walitoka kwa mashua ndefu hadi pwani ya Saurashtra kungoja meli za wageni. Waliziongoza kati ya mafungu, wakazivuta kwa makasia kutoka kituo hadi kituo, maji yakijaa wanakwenda, yakianza kupwa wanatia nanga kwenye madimbwi yenye kina yaliyojulikana. Mwongozo huo unasema kuingia na kutoka pale ni hatari mno kwa mgeni asiye na uzoefu.

Sirti Ndogo ingeweza kuwa na utaratibu wa namna hiyo. Watu wa Karthago waliijua vizuri. Miji ya biashara ya pwani hiyo ilikuwa tajiri, na Meninx yenyewe ilitengeneza rangi ya zambarau ya konokono wa baharini. Ila hawakutaka wageni. Polybius anautaja mkataba wa mwanzo kati ya Roma na Karthago, anaouweka mwaka wa kwanza wa jamhuri ya Roma, uliowakataza Warumi kupita rasi fulani, na anakisia sababu ilikuwa kuwazuia wasiifahamu nchi ya Sirti Ndogo kwa rutuba yake. Ndiyo maana makonsuli wa 253 walifika Djerba kama vipofu. Naona sifa mbaya ya mafungu yale ilikuwa ukuta wa bei nafuu kwa wenye bandari, na sioni sababu ya wao kuharakisha kuibomoa.

Wenyeji wa Kerkennah tangu kale wana hesabu nyingine na maji hayo hayo. Wavuvi wanatumia mashua za tumbo bapa ambazo kupwelewa kwao si tukio. Juu ya mafungu husimika makuti ya mitende, kuta ndefu za pembetatu zinazomwelekeza samaki anayerudi na maji kupwa hadi chumba cha mwisho chenye dema. Mtu wa Pwani ataona uzio wa kwao. Unaitwa charfia, UNESCO iliuandikisha mwaka 2020, na kanuni yake ya kale ingali inafuatwa: husimikwa upya kila mwaka kuanzia msimu wa vuli hadi Juni, kisha bahari hupumzishwa. Ukuta ukisimikwa vibaya kwa kuelekea mkondo badala ya kuukata kwa mshazari, bamvua la kwanza huung'oa.